Mtambaazi wa Kwanza wa Mtoto: Afugwe Yupi?

Miongoni mwa wanyama wenye uti wa mgongo, hapana kundi linalodhulumiwa na fikra za watu kama watambaazi. Nyoka hupigwa kabla ya kutazamwa. Kinyonga hukimbiwa kana kwamba ni jini. Mjusi husingiziwa sumu asiyokuwa nayo. Hata hivyo, katika kila darasa huwako mtoto mmoja au wawili ambao, wenzao wakikimbia, wao huinama watazame. Ni kwa ajili ya watoto hao, pamoja na wazazi na walimu wao, kwamba naandika makala haya. Kwa maana siku moja mtoto wa namna hiyo atauliza swali lionekanalo dogo: "Je, naweza kufuga mtambaazi? Nianze na yupi?"

Swali hili halistahili kujibiwa kwa karipio, wala halistahili kujibiwa kwa kumnunulia mtoto kitu chochote kitambaacho. Ni swali la kisayansi, na lina jibu. Lakini ili tulifikie jibu hilo, yatupasa kwanza tujue mtambaazi ni mnyama wa namna gani, ahitaji nini, na hutoka wapi.

Mwili wa mtambaazi

Wanasayansi wamekwisha kuorodhesha zaidi ya spishi 12,000 za watambaazi duniani, na zaidi ya nusu yao ni mijusi wa aina mbalimbali. Vitabu vya zamani huwaita wanyama wa damu baridi. Jina hilo lapotosha, kwani mjusi aliyekwisha kuota jua la asubuhi huweza kuwa na damu yenye joto kama la binadamu. Tofauti iliyopo ni kwamba sisi hutengeneza joto letu ndani ya mwili kwa kuchoma chakula, ilhali mtambaazi hulipata joto lake nje: juani, juu ya jiwe, au kwenye ukuta uliopigwa na jua mchana kutwa. Akipata joto la kutosha hujongea kivulini. Akipoa hurudi juani. Maisha yake yote ni safari fupi fupi baina ya jua na kivuli.

Kutokana na jambo hili moja hufuata mambo matatu ambayo kila mfugaji lazima ayajue.

La kwanza, mtambaazi hahitaji chakula kingi. Kwa kuwa hatumii chakula kujipasha moto, humtosha takriban sehemu moja ya kumi ya chakula cha mamalia wa uzito ule ule. Hili laonekana kuwa faida, na ni faida. Lakini lina hatari yake. Sungura aliyesahauliwa hufa baada ya siku chache na mwenye kumfuga akajua kosa lake. Mtambaazi aliyesahauliwa huweza kukaa wiki nyingi, hata miezi, akidhoofika polepole bila sauti, na mtoto akadhani kwamba mnyama wake ni mpole tu.

La pili, sanduku lenye halijoto ya namna moja ni gereza kwake. Likiwa la joto pande zote, hana pa kupoa. Likiwa la baridi pande zote, chakula hakisagiki tumboni.

La tatu, wengi wa watambaazi washindao juani huhitaji miali ya urujuanimno ili ngozi zao zitengeneze vitamini D, ambayo bila hiyo mwili hauwezi kutumia kalsiamu ya chakula. Akiikosa, mifupa hulainika, taya hupinda, na kobe huota gamba lenye vilima na mabonde. Kioo cha kawaida cha dirisha huizuia miali hiyo hiyo ihitajikayo, huku kikipitisha joto. Kwa hiyo kumweka mnyama ndani ya chombo cha kioo karibu na dirisha, jambo ambalo wengi hulidhani kuwa ni wema, humpa joto la kumwua na kumnyima mwanga wa kumponya.

Ushauri wa ng'ambo

Katika nchi za Ulaya na Marekani vitabu vya ufugaji humshauri mtoto aanze na mmoja wa wanyama watatu: mjusi mwenye madoa kama ya chui, ambaye asili yake ni Pakistan, Afghanistan na sehemu za India, nyoka asiye na sumu wa kusini-mashariki mwa Marekani apendaye maghala ya mahindi, au mjusi wa Australia mwenye miiba kidevuni mithili ya ndevu. Sababu zitolewazo ni nzuri. Wanyama hao si wakubwa kupita kiasi, ni wapole, na zaidi ya yote wamezalishwa mikononi mwa watu kwa vizazi vingi, hivyo kwamba hakuna haja ya kumpokonya mmoja wao kutoka porini.

Ushauri huo hauwezi kuletwa huku kama ulivyo. Kule una nguzo zake: umeme usiokatika, taa maalumu za urujuanimno, maduka yauzayo nyenje waliokuzwa kwa ajili hiyo, na madaktari wa mifugo waliosomea watambaazi. Zaidi ya hayo, mnyama mgeni akitoroka katika nchi yenye joto kama yetu hana cha kumzuia kuishi. Huko Florida, Marekani, chatu kutoka Asia waliotoroka au kuachwa na wafugaji waliowachoka sasa wanazaana katika vinamasi vya Everglades, na wamewamaliza sehemu kubwa ya mamalia wadogo wa huko. Wengi wa chatu hao walianza wakiwa watoto wa nyoka wenye kupendeza, wakanunuliwa na watu ambao hawakuuliza watakuwa na ukubwa gani baada ya miaka mitano.

Gharama ya msitu wa Kimboza

Yako mambo mengine ambayo vitabu hivyo vya ng'ambo havikuyasema kwa muda mrefu, nayo yatuhusu sisi moja kwa moja. Si watambaazi wote wauzwao huko waliozaliwa humo madukani. Nilipokuwa masomoni Ulaya niliingia katika duka la wanyama, nikakuta vinyonga wa milima yetu wamepangwa vizimbani, na juu ya vizimba kibandiko chenye jina la Tanzania. Hawakuwa wamezalishwa popote, walikuwa wamekamatwa.

Mfano ulio wazi kupita yote ni ule wa msitu wa Kimboza, ulio mkoani Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, juu ya miamba ya chokaa. Msitu huo ni mdogo. Eneo lake ni kiasi cha kilomita 4 za mraba. Humo, na katika vipande vichache vya msitu vilivyo jirani, huishi mjusi mdogo asiyepatikana mahali pengine popote duniani, ambaye kwa jina la kitaalamu huitwa Lygodactylus williamsi. Urefu wake hauzidi kidole cha mtu mzima, na dume lake lina rangi ya buluu ya kung'aa ambayo hata mchoraji angeogopa kuitumia. Makao yake ni katikati ya majani ya mikadi. Uzuri wake ndio uliomponza. Baada ya mwaka 2004 alianza kutakiwa sana na wafugaji wa Ulaya na kwingineko, na uchunguzi uliofanywa msituni ulionyesha kwamba kundi moja tu la wakamataji lilichukua mijusi zaidi ya 30,000 kabla ya kumalizika kwa mwaka 2009. Njia iliyotumika ilikuwa kuikata mikadi yenyewe na kuokota mijusi iliyoanguka pamoja nayo. Hivyo mjusi alipoteza ndugu zake na nyumba yake kwa pigo moja la panga.

Mwaka 2012 spishi hiyo iliorodheshwa miongoni mwa zile zilizo katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Mwaka 2016 Serikali ya Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nchi za nje, na mwaka huo huo mkutano wa nchi wanachama wa mkataba wa CITES, uliofanyika Johannesburg, uliamua kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya mijusi wa namna hiyo waliokamatwa porini. Mwaka 2019 kobe bapa wa majabali ya Kenya, Tanzania na Zambia, ambaye hutaga yai moja tu kwa kila mtago, aliingizwa katika orodha hiyo hiyo. Hapana hata mmoja katika wanunuzi wale wa ng'ambo aliyekusudia kuufyeka msitu wa Kimboza. Wengi wao walitaka tu mnyama mdogo mzuri wa kuwekwa chumbani. Ndiyo maana nasema kwamba swali la kwanza la mfugaji lisiwe "anakula nini?" bali "ametoka wapi?"

Wanne tuwajuao

Tuseme sasa juu ya wanyama ambao mtoto wa Afrika Mashariki aweza kukutana nao, tukiwapima kwa mizani ile ile: asili yao, ukubwa wao, umri wao, mahitaji yao na hatari zao.

Kobe ndiye afikiriwaye kwanza, kwa kuwa hakimbii wala haumi. Lakini yule kobe wa nyikani mwenye gamba la madoadoa, aonekanaye zaidi kwetu, huota gamba la urefu wa sentimita 30 hadi 40, na umri wake hupita miaka 50. Mtoto wa miaka 12 amchukuaye leo huenda akamwachia wajukuu. Kobe mkubwa aitwaye Jonathan, akaaye kisiwani St. Helena, aliadhimishwa mwaka 2022 kuwa ametimiza miaka 190. Wala tusidhani kwamba ukubwa humlinda kobe na tamaa: wale kobe wakubwa wa Kisiwa cha Changuu, Zanzibar, ambao mababu zao waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, walipungua mno kwa wizi hata ikabidi wajengewe ua wa kuwahifadhi. Kobe ni mnyama wa taasisi na wa maisha yote. Si wa mtoto mmoja.

Nyoka tusimjadili kwa urefu. Wengi wa nyoka wetu hawana sumu ya kumdhuru mtu, na huo ni ukweli unaofaa kufundishwa. Lakini kumtambua asiye na sumu na mwenye sumu ni kazi ya mtu aliyezoea, kwani wako wanaofanana kwa rangi na umbo. Mtoto asijifunzie somo hilo kwa mkono wake.

Kinyonga ni fahari yetu. Milima ya Usambara, Uluguru na mingineyo ina vinyonga wasiopatikana kwingine, na mwaka 2006 wataalamu walipoanzisha jenasi mpya kwa ajili ya baadhi yao waliiita Kinyongia, kutokana na neno letu wenyewe la Kiswahili. Lakini kinyonga ni mfungwa mbaya. Hanywi maji ya bakuli. Hulamba matone yaliyo juu ya majani. Hupenda upweke, huchoshwa na kushikwashikwa, na husononeka akiwekwa mahali asipoweza kujificha. Afaa kutazamwa mtini alipo, na kuachwa hapo.

Abaki mjusi wa ukutani, yule ambaye wengi humwita mjusi kafiri, na wanasayansi humwita Hemidactylus mabouia. Urefu wake ni sentimita 12 hivi, mkia pamoja. Hana sumu, hakuna hata mmoja wa jamii yake mwenye sumu. Anakula mbu, nondo, mende wadogo na kumbikumbi, naye hujitafutia mwenyewe. Joto hulipata ukutani. Hakukamatwa popote, kwa sababu amekuja kwa hiari yake. Kwa mizani yoyote ile niliyoitaja, huyu ndiye mtambaazi wa kwanza amfaaye mtoto. Na sanduku bora la kumfugia ni ukuta ule ule anaoishi.

Kufuga kwa macho

Najua nitaulizwa: huko ni kufuga kweli? Mtoto atampendaje mnyama asiyemshika? Hoja hii ina uzito, nami siidharau. Mikono ya mtoto hujifunza mambo ambayo macho yake hayayajui. Lakini tukumbuke kwamba mtambaazi si mbwa wala paka. Hakuumbwa kufurahia kupapaswa. Mkono wa mtu kwake ni mdomo wa mwewe. Mjusi akishikwa huangusha mkia wake kwa hofu, na pamoja na mkia hupoteza akiba ya mafuta aliyoiweka kwa siku za njaa. Mtoto anayefundishwa kwamba kupenda ni kushika amefundishwa nusu ya somo. Nusu ya pili, iliyo ngumu zaidi, ni kumwelewa kiumbe kwa namna yake yeye, si kwa namna yetu.

Liko pia jambo la afya. Watambaazi wengi hubeba matumboni bakteria wa salmonela bila wao wenyewe kuugua. Nchini Marekani, kasa wadogo waliouzwa kwa ajili ya watoto waliambukiza watu wengi hata ikapasa, mwaka 1975, kupiga marufuku uuzaji wa kasa wenye gamba lisilofikia inchi 4, yaani kama sentimita 10, kwa kuwa hao ndio wanaotoshea mdomoni mwa mtoto. Hadi leo wataalamu wa afya hushauri kwamba nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka 5 isifuge mtambaazi. Mjusi wa ukutani naye si msafi kuliko wenzake. Kinyesi chake kikianguka chakulani chaweza kuleta madhara. Chakula kifunikwe, na yeyote aliyemgusa mtambaazi au kinyesi chake anawe mikono kwa sabuni. Hiyo si sababu ya kumchukia mjusi. Ni sababu ya kufunika sufuria.

Tena iko sheria. Nchini Tanzania ipo Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na nchini Kenya ipo ya mwaka 2013. Kwa sheria hizo, anayetaka kumiliki mnyamapori hana budi kuwa na kibali. Mwalimu anayewaagiza wanafunzi walete kobe au kinyonga darasani kwa ajili ya somo huenda anawaagiza wavunje sheria bila kujua. Kumtazama mjusi ukutani hakuhitaji kibali cha mtu.

Kazi ya muhula mmoja

Napendekeza basi kwa walimu wenzangu kazi ifuatayo, ambayo haihitaji maabara wala fedha. Kila mwanafunzi achague ukuta mmoja wenye taa, nyumbani au bwenini, na awe na daftari, penseli, saa na, ikiwezekana, kipimajoto. Kila jioni, kwa nusu saa tangu saa 1 usiku, aandike idadi ya mijusi, umbali wa kila mmoja kutoka kwenye taa, halijoto ya hewa, na kila mdudu aliyeshikwa. Ajifunze kuwatambua mijusi wake kwa ukubwa, kwa michirizi ya mgongoni na kwa mikia iliyokatika. Baada ya wiki chache ataona kwamba yupo dume amilikiye mahali penye taa na kuwafukuza wengine. Kwamba idadi hupungua usiku wa baridi. Kwamba mkia mpya uotao haufanani na ule wa kwanza. Akibahatika atayakuta mayai mawili meupe, magumu, ndani ya ufa, naye ataweza kuhesabu siku hadi yaanguliwe.

Kisha maswali yatakuja yenyewe. Kwa nini mjusi haanguki darini? Swali hilo liliwashughulisha wanasayansi kwa karne nyingi. Ilikuwa mwaka 2000 watafiti wa Marekani walipoweza kupima nguvu ya unywele mmoja tu wa unyayo wa mjusi mkubwa wa Asia, ambaye kila mguu wake una vinywele karibu nusu milioni. Na mwaka 2002 wakaonyesha kwamba kinachomshika ni ile mivutano hafifu baina ya molekuli ambayo wanafunzi wa kemia huisoma kwa jina la van der Waals. Kwa nini hapepesi macho? Kwa sababu kope zake hazifumbi. Huyasafisha macho kwa ulimi. Fizikia, kemia na biolojia zote zimo ukutani, na mwanafunzi amezifikia kwa njia ya kiumbe anayemjua.

Mwanafunzi mmoja akifanya kazi hii, atapata daftari. Wanafunzi 40 wa darasa moja wakiifanya kwa mtindo ule ule, watapata takwimu ambazo waweza kuzichorea grafu na kuzijadili: je, taa nyeupe huvuta mijusi zaidi kuliko ya manjano? Je, mijusi hupungua au huongezeka mvua zikianza? Haya si maswali ya kuiga kutoka kitabuni. Mwalimu mwenyewe huenda hajui majibu yake, na hapo ndipo sayansi inapoanza.

Baada ya muhula au miwili ya kazi kama hiyo, mtoto ambaye bado ana hamu ya kufuga atakuwa mtu mwingine. Atakuwa amekwisha kujifunza kutazama kila siku, hata siku zisizokuwa na jambo jipya, na hiyo ndiyo sifa ya kwanza ya mfugaji. Mtoto wa namna hiyo mzazi aweza kumwamini na mnyama, kwa kibali, na kwa kujua kwamba mnyama huyo amezaliwa mikononi mwa wafugaji. Lakini mtoto aliyeshindwa kumtazama mjusi wa bure kwa majuma sita, hatamtunza kobe kwa miaka 50.

Twajisifu, na ni haki yetu, kwamba nchi zetu ni hazina ya watambaazi. Lakini hazina hiyo haitalindwa na sheria peke yake wala na mikataba ya mataifa. Italindwa na watu waliozoea tangu utotoni kumtazama kiumbe mdogo bila kumwua na bila kumtia mfukoni. Walimu wa sayansi wanao uwezo wa kuwalea watu hao, na wanaweza kuanza jioni ya leo, taa ikishawashwa.